Muumini anaporejea, ni kanisa lipi la kumpokea?

Tangu Aprili 2023, miili ya kwanza ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mjadala mintarafu ya makanisa nchini umekuwa mjadala wa serikali na sheria. Nani asajiliwe? Nani anyimwe cheti? Mhubiri asomee wapi, na kwa muda gani? Miili zaidi ya 400 iliyotolewa ardhini katika msitu ule ilimtikisa hata yule aliyezoea kusema kwamba dini ya mtu ni siri yake na Mola wake. Mei 2023 Rais William Ruto aliteua jopokazi chini ya Kasisi Mutava Musyimi kuchunguza jinsi mashirika ya kidini yanavyosimamiwa, nalo likakabidhi ripoti yake Julai 2024 na kupendekeza sheria mpya. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2025, makaburi mengine yakagunduliwa Kwa Binzaro, katika kaunti iyo hiyo.

Sina nia ya kuyarudia yaliyokwisha kuandikwa kuhusu mkasa huo. Nataka kulileta jukwaani swali ambalo, kwa maoni yangu, limepuuzwa na wabunge, maaskofu na wanahabari kwa pamoja. Mja anapolitafuta kanisa, hulitafuta vipi? Analipimaje? Nani amemfundisha kulipima? Maana ni dhahiri kwamba wengi wa watu wazima waliofika Shakahola walifika kwa miguu yao wenyewe wakimtafuta Mungu. Watoto ndio waliochukuliwa bila kuulizwa. Kabla ya mhubiri kumpata mfuasi, sharti awepo mtu anayetangatanga; na watu wanaotangatanga katika nchi hii ni wengi kuliko tunavyokiri.

Nayaandika haya nikiwa mmoja wa waliowahi kutangatanga. Nilizaliwa katika jamii ya Kikatoliki, nikabatizwa mchanga, nikapewa kipaimara nikiwa shule ya msingi, nikasoma katika shule ya upili ambamo Misa ya Jumapili ilikuwa na daftari la mahudhurio kama somo la hisabati. Nilipofika chuo cha ualimu nililiacha Kanisa Katoliki, na kwa miaka tisa sikuwa na kanisa lolote. Leo ni Mwanglikana. Sisimulii safari hiyo ili nimvute mtu upande wangu. Naisimulia kwa kuwa naamini kwamba yaliyonipata huwapata maelfu ya Wakenya, wakiwemo walimu wenzangu na wanafunzi tunaowafundisha, na kwamba jinsi makanisa yanavyompokea mtu wa aina hii ni jambo la umma, wala si la faragha tu.

Hebu tuanze na takwimu. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa Wakatoliki nchini walikuwa takriban milioni 9.7, Waprotestanti takriban milioni 15.8, waumini wa makanisa ya kiinjilisti takriban milioni 9.6, nao wa makanisa yaliyoasisiwa na Waafrika takriban milioni 3.3. Waliosema kuwa hawana dini walikuwa wapatao 755,000. Takwimu hizi ni picha ya siku moja tu. Zinatwambia mtu alikuwa amesimama wapi karani wa sensa alipobisha hodi. Hazitwambii alitoka wapi, wala kama alikuwa njiani kwenda kwingine. Laiti karani angeuliza, 'Je, ulizaliwa katika dhehebu hili?', naamini tungepata kitabu kingine kabisa cha kusoma.

Lugha yetu nayo inasaliti jinsi tunavyowatazama watu hawa. Mkatoliki akihamia kanisa la wokovu, aliowaacha husema 'amepotea' na waliompata husema 'ameokoka'. Akiacha vyote, pande zote mbili husema 'amerudi nyuma'. Lakini yule aliyeacha, akakaa, akatafakari, kisha akarejea kwa Kristo pasipo kurejea katika kanisa alimobatizwa, huyo hana jina. Na mtu asiye na jina ni vigumu kumwandalia kiti.

Wapo watakaodai kwamba kuhamahama huku ni uchafu wa kisasa, ulioletwa na vipaza sauti na televisheni. Historia inawakanusha. Katika pwani yetu hii, Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa, alipelekwa Goa angali mtoto, akalelewa na mapadre wa Kiagustino na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo. Wareno walimrejesha kutawala kama mfalme Mkristo. Agosti 1631 aliukana Ukristo na kuwaua Wareno waliokuwa Ngome ya Yesu. Kisa hicho hukumbukwa zaidi kwa damu iliyomwagika. Mimi hukikumbuka kwa sababu nyingine: imani iliyofungwa pamoja na mamlaka hukatika mamlaka yanapochukiza. Shule nyingi zingefaa kukitafakari.

Isitoshe, karibu kila kanisa lililoota katika ardhi hii lilizaliwa na watu waliotoka mahali. Mgogoro wa mwaka wa 1929 kati ya wamishonari na Wakikuyu kuhusu tohara ya wasichana uliwatoa waumini wengi katika makanisa ya misheni, na kutokana na kutoka huko yakazaliwa makanisa na shule huru. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Simeo Ondetto na Gaudencia Aoko waliongoza vuguvugu la Legio Maria huko Nyanza, wengi wa wafuasi wao wakiwa wametoka katika Kanisa Katoliki. Hata hivyo walitoka na Misa, rozari na sala za Kilatini mikononi. Mwaka wa 1970 vijana wa Kiafrika waliokuwa na ari ya Kipentekoste wakaanzisha Deliverance Church. Kwa upande mwingine, uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kufika Kenya mwaka wa 1937, uliwaambia waliookoka wabakie katika makanisa yao na kuyachachua kutoka ndani. Kwa hiyo kutoka na kubaki ni desturi mbili kongwe za Ukristo wa Afrika Mashariki, wala hapana moja inayoweza kuiita nyenzake ngeni.

Sasa, Mkatoliki wa Kenya hutokaje? Kwa niliyoyaona katika miaka ya kufundisha, milango ni mitatu.

Mlango wa kwanza ni shule. Katika shule nyingi za upili kuna chama cha vijana Wakatoliki, YCS, na kuna umoja wa Wakristo, CU. Kijana wa kidato cha pili huenda katika mkutano wa CU wikendi moja, akasikia Biblia ikielezwa kwa lugha inayomchoma, akaitwa mbele, akaombewa, na Jumatatu akarudi darasani akiwa mtu mwingine. Sioni ubaya katika hilo. Ubaya huja pale anapofundishwa siku iyo hiyo kwamba mamake, aliyemfundisha sala ya kwanza, anaabudu sanamu.

Mlango wa pili ni ndoa. Sheria ya Kanisa Katoliki haimruhusu mtu ambaye ndoa yake ya kwanza bado inahesabiwa kuwa halali kufunga nyingine, hata kama mahakama ya serikali imekwisha kutoa talaka. Papa Francis alirahisisha taratibu za kuchunguza uhalali wa ndoa mwaka wa 2015, na katika waraka wake wa Amoris Laetitia wa 2016 aliwahimiza wachungaji kuwasindikiza watu wa hali hii kwa subira. Ila habari hizo hazikufika katika kila kigango. Wapo akina mama na akina baba wanaokaa viti vya nyuma kwa miaka, wasikaribie Ekaristi, na hatimaye wakaona heri waende panapowapa nafasi mbele.

Mlango wa tatu ndio niliopitia mimi: kimya. Hapana aliyenikosea. Nilikuwa na maswali juu ya mamlaka ya Papa, juu ya tamko la mwaka wa 1870 kwamba hawezi kukosea anapotangaza rasmi mafundisho ya imani, juu ya ulazima wa kuungama kwa padre. Nilipouliza, niliambiwa na watu wema kabisa kwamba maswali ni majaribu na dawa yake ni sala. Nilisali. Maswali yalibaki. Hatimaye nikaona kwamba kuitikia 'Amina' kwa mdomo ilhali moyo unasema la ni aina ya uongo, nami sikutaka kumdanganya Mungu katika nyumba yake. Nikatoka polepole, bila kelele, kama mtu anayeondoka arusini kabla ya chakula.

Kilichonirejesha hakikuwa muujiza wala mkutano wa hadhara. Kilikuwa kazi. Mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kikristo alihamishwa, na mwalimu mkuu akanikabidhi darasa lake la kidato cha pili. Silabasi ilikuwa Injili ya Luka. Nilikuwa nimekwisha kuisikia ikisomwa vipande vipande kanisani tangu utotoni. Sikuwa nimewahi kuisoma yote kwa mfululizo nikiwa mtu mzima, kalamu mkononi, nikitafuta la kuwaeleza wanafunzi arobaini wasiokubali jibu la mkato. Kwa muhula mzima nilikutana na mtu anayekula na watoza ushuru, anayesimama njiani kwa ajili ya kipofu, anayesimulia habari za baba anayemwona mwanawe angali mbali na kukimbia kumlaki. Mwishoni mwa muhula niligundua kwamba nilikuwa nimeanza kumwamini niliyekuwa nikimfundisha. Wala sikushangaa sana. Neno likishapandwa utotoni, hata likafunikwa na kokoto miaka tisa, halifi kwa urahisi.

Hapo ndipo mashaka mapya yalipoanza. Nilikuwa na imani. Sikuwa na kanisa. Msomaji ataniuliza, kwa nini usirudi ulikotoka? Swali hilo ni la haki, na Mkatoliki ana sababu nzuri ya kuliuliza. Mlango wake ulikuwa wazi na masharti yake hayakuwa mazito: Kanisa Katoliki halimbatizi upya mtu aliyebatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mimi nilihitaji kitubio tu. Lakini kitubio hicho kingenitaka nikiri ninachokiri Kanisa hilo juu ya mamlaka, na katika hilo dhamiri yangu haikuwa imegeuka. Kurudi kwa ajili ya harufu ya ubani na kumbukumbu ya mama kungekuwa utovu wa heshima kwa wanaoamini yote. Kinyume na wanavyodhani baadhi ya jamaa zangu, nililiepuka Kanisa Katoliki kwa kuwa naliheshimu.

Ndipo nikaanza kutembelea makanisa, nami nitayaeleza bila kuyataja majina kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu.

La kwanza lilikuwa kubwa, lenye skrini pande zote na muziki wa kutetemesha kifua. Wageni tulisimamishwa, tukapigiwa makofi, tukajazishwa kadi za nambari za simu. Kabla ya mahubiri, nambari ya kutumia pesa ilionyeshwa katika skrini na tukaambiwa kwamba mbegu ndogo huzaa mavuno madogo. Baada ya mahubiri ikaonyeshwa tena. Kwa muda wa wiki sita nilizohudhuria, sikusikia hata mara moja taarifa ya matumizi ya fedha hizo. Nilipomuuliza mmoja wa wahudumu, alinitazama kwa huruma, akasema kwamba aliyetoa kwa Mungu hadai risiti.

La pili lilikuwa dogo, la mabati, lenye watu wakarimu mno. Walinitembelea nyumbani, walimletea mke wangu mboga alipougua. Lakini mchungaji alitaka mambo mawili: nibatizwe upya katika maji mengi, na kabla ya hapo nisimame mbele ya waumini nitoe ushuhuda wa jinsi Ukatoliki ulivyonifunga gizani. La kwanza nililielewa, maana yapo makanisa mengi yenye historia ndefu yanayoamini kwamba ubatizo ni wa mtu anayejua anachokiri. La pili lilinishinda. Giza gani? Padre mzee aliyetujengea zahanati? Katekista aliyetembea maili sita kuja kutufundisha? Niliambiwa kwamba hiyo ndiyo sauti ya mzee wa kale ndani yangu. Nikaaga kwa unyenyekevu.

La tatu lilikuwa kanisa kongwe la misheni, la mawe, lenye ibada iliyopangwa vizuri. Nilihudhuria miezi miwili na hakuna aliyeniuliza jina langu. Siku moja nilikaa katika kiti ambacho, kumbe, kilikuwa cha familia fulani tangu enzi za babu zao, nikaombwa nihame.

Nilipokelewa mwishowe katika parokia ndogo ya Kianglikana. Sikuipata kamilifu, na walio ndani yake watakuwa wa kwanza kukiri hivyo. Nilichokipata ni mambo manne. Kasisi aliniomba cheti cha ubatizo, akakitazama, akasema kimetosha. Askofu alipofika, alinipokea mbele ya waumini bila kuniuliza niwatukane walionilea. Biblia ilisomwa kwa ratiba, mistari migumu pamoja na ile myepesi, hata kasisi asiweze kuchagua tu inayomfaa yeye. Hesabu za fedha zilisomwa hadharani katika mkutano wa mwaka na mama mmoja muuza samaki akasimama kuuliza juu ya bei ya saruji, akajibiwa. Tena nilijua kwamba kasisi huyo ana mkubwa wake anayeweza kumhamisha, na lipo baraza la waumini linaloweza kumwambia hapana.

Nimeyataja hayo manne kwa makusudi, maana nayaona kuwa ndiyo mizani anayoweza kuichukua mtafutaji yeyote, aende kanisa liwalo lote, hata Katoliki lenyewe. Nitayageuza yawe maswali.

Kwanza, ni nani anayeweza kumwambia kiongozi wa kanisa hili kwamba amekosea, na akabaki kuwa mshirika? Ikiwa jibu ni 'hakuna', mtafutaji na ajihadhari, hata kama kiongozi huyo leo anasema kweli tupu. Pili, fedha huhesabiwa na nani, na hesabu husomwa wapi? Tatu, kanisa hili huwasemaje waliotoka ndani yake, na huyasemaje makanisa mengine? Kundi linaloishi kwa kuwachafua jirani hatimaye litakuchafua nawe ukithubutu kuondoka. Nne, je, hekima nyingine zina nafasi humu? Mgonjwa anaruhusiwa kwenda hospitalini? Mtoto anaruhusiwa kwenda shuleni? Gazeti linasomwa? Katika habari zilizotoka Shakahola, dalili ya kukataza shule na hospitali ilitangulia dalili ya njaa.

Tazama kwamba hakuna hata moja kati ya maswali haya linalouliza kama kanisa ni kubwa au dogo, la zamani au jipya, la kelele au la utulivu. Wala halimo swali la kama mhubiri ana shahada. Yapo makanisa madogo ya mabati yanayoyajibu yote vyema, na yapo majengo ya mawe yanayoyakwepa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotarajia sheria iwe mwarobaini. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Kifungu cha 8 kinasema hakutakuwa na dini ya taifa. Serikali ina wajibu wa kumshtaki anayeua, anayebaka, anayeiba, anayemnyima mtoto chakula, awe amevaa kanzu au asivae. Hiyo ni kazi yake na isiifanye kwa uzembe. Lakini cheti cha usajili hakiwezi kumpa muumini macho. Laiti kila kanisa lingesajiliwa kesho asubuhi, mtafutaji bado angesimama njiapanda jioni.

Makanisa yenyewe yanaweza kusaidia kwa kujenga heshima yao, na kwa haki tuseme kwamba baadhi yamejaribu. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit alipiga marufuku wanasiasa kuhutubu katika madhabahu ya kanisa lake. Juni 2024 vijana walioandamana kupinga Mswada wa Fedha waliyakemea waziwazi makanisa yaliyogeuka majukwaa ya wanasiasa. Novemba mwaka huo huo Askofu Mkuu Mkatoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza mchango wa mamilioni ya shilingi uliotolewa na Rais katika parokia moja ya Nairobi urudishwe. Siku hiyo jamaa yangu mmoja, aliyekuwa nje ya kanisa kwa muda mrefu kuliko mimi, alinipigia simu na kusema, 'Mwalimu, huenda nikarudi.' Alirudi katika Kanisa Katoliki, nami nilifurahi kwa dhati. Atakayedhani kwamba nilipaswa kusikitika hajanielewa.

Nageukia sasa shule, kwa kuwa huko ndiko watafutaji wengi wa kesho walipo leo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa wafadhili wa shule, ambao aghalabu ni makanisa, nafasi katika malezi ya kiroho ya wanafunzi. Lakini papo hapo inawataka wailinde imani ya wanafunzi wa madhehebu mengine. Sehemu ya kwanza ya ibara hiyo hunukuliwa kila mara. Ya pili husahauliwa. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Juu iliamua kesi kati ya Kanisa la Methodisti na mzazi mmoja kuhusu wanafunzi Waislamu kuvaa hijabu katika shule moja ya Isiolo, na ijapokuwa ilibatilisha uamuzi wa Mahakama ya Rufaa uliokuwa umempa mzazi huyo ushindi, ubishi wenyewe ulionyesha jinsi suala la dhamiri ya mwanafunzi lilivyo bichi.

Naelewa hofu ya mfadhili. Amejenga madarasa, ameleta maji, na anaona watoto wake wakichukuliwa na CU. Lakini daftari la mahudhurio ya Misa halijawahi kumtengeneza Mkatoliki. Mimi ni shahidi. Walionifanya nibaki na chochote moyoni ni watu waliosali bila kuhesabiwa. Kadhalika nawaomba walezi wa CU: mnapomwongoza kijana kwa Kristo, msimpe na chuki ya nyumba aliyotoka kama zawadi ya pili. Atakapokuwa na miaka thelathini na imani ya ujana imechakaa, atahitaji njia ya kurudi, na mtakuwa mmeyachoma madaraja yote nyuma yake.

Kwa walimu wenzangu wa Elimu ya Dini ya Kikristo nina ombi kubwa zaidi. Somo letu limegeuzwa somo la kukariri: taja sababu tano, eleza mafunzo sita. Mwanafunzi anaweza kupata alama ya A na asijue kumuuliza nabii wa uongo swali moja la maana. Je, tukiwapa wanafunzi wa vidato vya juu kazi ya kulichunguza kanisa lolote kwa yale maswali manne, likiwemo lao wenyewe, tutakuwa tumevunja silabasi au tumeitimiza? Watu wa Beroya, katika Matendo ya Mitume, walisifiwa kwa kuyachunguza maandiko kila siku ili wajue kama aliyoyasema Paulo yalikuwa kweli. Ikiwa mtume Paulo alichunguzwa na asikasirike, mhubiri wa mtaani anayekasirika akiulizwa anajiona nani?

Na kwa mwanafunzi anayesoma haya huku akiwa na maswali anayoogopa kuyatamka: yatamke. Mtafute mtu mzima mmoja asiyetishwa nayo. Ukikosa kwa padre, jaribu kwa mwalimu. Ukikosa kwa mwalimu, jaribu kwa shangazi au mjomba. Usiharakishe kutoka kwa sababu ya ghadhabu ya wiki moja, wala usibaki kwa sababu ya hofu ya watu. Ukitoka, toka kwa heshima. Augustino, mwana wa Afrika Kaskazini, alilelewa na mama Mkristo, akaenda mbali naye kwa miaka mingi, akabatizwa Milano mwaka wa 387 akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili. Monika, mamake, aliwahi kukataa kukaa naye nyumbani, lakini baadaye alimfungulia mlango tena.

Kwa maaskofu, wachungaji na wazee wa makanisa nasema hili moja. Jumapili ijayo, katika kiti cha nyuma, ataketi mtu msiyemjua. Haimbi kwa sauti kwa kuwa amesahau maneno. Hakaribii Meza ya Bwana kwa kuwa hajui kama anaruhusiwa. Huenda amekaa nje miaka tisa, huenda ishirini. Msimkimbilie na kadi ya kujaza, wala msimwache aondoke bila mtu kumpa mkono. Muulizeni jina. Kisha msikilizeni, mpaka amalize.